Nilitolewa kizazi na ovari, natumia estrojeni mwaka wa saba: je, niache?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 55, naishi Tanga. Nilipokuwa na miaka 47 nilifanyiwa upasuaji, nikatolewa kizazi na ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe ulionivujisha damu miaka mingi. Mwaka uliofuata joto la ghafla na kukosa usingizi vikanizidi, daktari akanianzishia vidonge vya estrojeni, ile homoni ya kike iliyokuwa ikitoka kwenye ovari, kimoja kila siku, cha miligramu 2. Huu ni mwaka wa saba, na kwa kweli vimenirudishia uhai. Sasa mwanangu anayesoma Uingereza amenipigia simu, anasema niache mara moja, dawa hizi zinaleta kansa ya matiti, kiharusi na ugonjwa wa kusahau. Jirani yangu naye anasema zinatengenezwa kwa mkojo wa farasi. Presha yangu siku nyingine hupanda hadi 150 kwa 95, dawa yake nameza nikihisi kichwa kinaniuma. Marehemu mama alivunjika nyonga akiwa na miaka 71. Niache au niendelee?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiache leo, wala usiache kwa simu ya mtu, hata akiwa mwanao anayekupenda. Kuna jambo katika barua yako limenitia hofu kuliko estrojeni yenyewe, nalo ni hiyo presha unayoitibu kwa kusikiliza kichwa. Nitalifikia. Kwanza nikuondolee hofu ya dawa, kwa kuwa hofu hiyo nimeishi nayo na imenifanya nikosee.

Mwanao hakukudanganya. Alichokisoma ni kweli, ila sehemu kubwa yake ni habari za wanawake wasiofanana nawe, waliotumia dawa isiyo yako. Hofu hiyo chimbuko lake ni utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990. Wanawake wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa homoni, nusu vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Yalikuwa majaribio mawili pembeni kwa pembeni. La kwanza lilikuwa na wanawake 16,608 wenye vizazi vyao, na dawa yao ilikuwa mchanganyiko wa estrojeni na homoni ya pili ya jamii ya projesteroni. La pili lilikuwa na wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi, nao walipewa estrojeni peke yake. Wewe ni wa kundi hili la pili.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Estrojeni huustawisha utando wa ndani ya kizazi. Ukiustawisha mwaka baada ya mwaka bila kitu cha kuuzuia, unaweza kugeuka kansa, jambo lililobainika Marekani mwaka 1975 baada ya wanawake wengi kutumia estrojeni tupu. Ndipo mwenye kizazi akawa lazima aongezewe homoni ya pili ya kuutuliza utando. Asiye na kizazi hana utando wa kutuliza, kwa hiyo haihitaji. (Kama shingo ya kizazi iliachwa wakati wa upasuaji, mwambie daktari wako, kwa sababu huenda mabaki ya utando yapo, na kipimo cha kansa ya shingo ya kizazi bado kinakuhusu.)

Julai 2002 lile jaribio la mchanganyiko lilisimamishwa kabla ya muda wake, na magazeti ya dunia nzima yakaandika. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia mchanganyiko kwa mwaka mmoja, waliongezeka 8 wa kansa ya matiti, 8 wa kiharusi, 8 wa damu iliyoganda na kukwama mapafuni, na 7 wa mshtuko wa moyo. Upande wa pili walipungua 6 wa kansa ya utumbo mpana na 5 wa kuvunjika nyonga. Habari iliyotufikia haikuwa na hesabu hii. Ilitufikia kwa neno moja: homoni zinaua.

Nami nililipokea neno hilo. Mwaka ule nilikuwa na mgonjwa aliyetolewa ovari akiwa na miaka 39, anatumia estrojeni peke yake. Nikamwachisha. Alihangaika na usingizi na joto, na kabla hajafika miaka 50 alianguka bafuni kwake, mfupa wa mkono ukavunjika kama kijiti kikavu. Siwezi kuapa kwamba estrojeni ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba nilimhukumu kwa utafiti ambao yeye hakuwa mlengwa wake, na tangu siku hiyo kila ninapoulizwa swali lako nauliza kwanza mambo matatu: una kizazi? Ovari zilitoka ukiwa na umri gani? Ulianza dawa lini?

Sasa tuje kwenye kansa ya matiti, kwa maana najua ndiyo iliyomfanya mwanao apige simu. Wale wanawake wa kundi la pili, wa estrojeni peke yake, wamefuatiliwa kwa karibu miaka 20, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2020. Kila mwaka, katika wanawake 10,000, waliopata kansa ya matiti walikuwa 30 kwa waliotumia estrojeni na 37 kwa waliomeza vidonge vitupu. Walipungua! Hata waliokufa kwa kansa hiyo walikuwa wachache zaidi upande wa estrojeni. Wenye mchanganyiko mambo yalikuwa kinyume: 45 dhidi ya 36.

Nikikomea hapo nitakuwa nimekupendelea. Mwaka 2019 watafiti waliokusanya takwimu za wanawake wa nchi nyingi, bila kuwagawanya kwa kura, walipata picha yenye tofauti. Walikadiria kwamba katika wanawake 1,000 wa Ulaya wasiotumia homoni, 63 watapata kansa ya matiti kati ya miaka 50 na 69. Wakitumia estrojeni peke yake kwa miaka 5 kuanzia umri wa miaka 50, watakuwa 68. Wakitumia mchanganyiko wa kila siku, watakuwa 83. Kwa hiyo ukweli kuhusu dawa yako uko mahali fulani kati ya kutokuwa na madhara kwa matiti na kuwa na madhara madogo, na kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka ndivyo inavyofaa kuwa macho. Mimi nauamini zaidi utafiti wa kura, lakini siupuuzi ule mwingine, hasa kwa kuwa vidonge vya Marekani si vidonge vyako.

Hapo jirani yako ana haki yake. Dawa iliyotumika katika utafiti ule hutolewa kweli kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, na imeuzwa Marekani tangu mwaka 1942. Kidonge chako cha miligramu 2, kwa jinsi ulivyokieleza, naona ni estradioli, ambayo hutengenezwa viwandani kutokana na mimea kama soya na viazi vikuu vya mwituni, na umbo lake ni lile lile la estrojeni iliyokuwa ikitoka kwenye ovari zako. Soma jina kwenye boksi. Likiwa estradioli, kula na dhamiri yako imetulia.

Halafu hesabu miaka yako vizuri. Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na miaka 50 hivi. Wewe ovari zilitoka ukiwa na miaka 47, mwili ukanyimwa ghafla homoni ambayo ulikuwa uipate bure kwa miaka mitatu zaidi. Dawa uliyomeza hadi kufikia miaka 50 ilikuwa inalipa deni hilo, haikukuzidishia kitu. Ya ziada ni miaka mitano tu. Na kuwaacha waliotolewa ovari mapema bila chochote kuna hatari yake. Watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, Marekani, waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake waliotolewa ovari kabla ya wakati, wakaona kwamba matatizo ya kumbukumbu yaliwapata zaidi kuliko wenzao, na kwamba waliotumia estrojeni hadi miaka 50 hivi hawakuonyesha ongezeko hilo.

Ndiyo maana ile habari ya ugonjwa wa kusahau haikuhusu kama mwanao anavyodhani. Ilitoka katika tawi la utafiti ule ule wa Marekani lililochukua wanawake wa miaka 65 na zaidi. Kwa waliotumia mchanganyiko, ugonjwa huo uliongezeka mara mbili. Hao walianza homoni wakiwa bibi, miaka 10, 15 au zaidi tangu hedhi ikome. Kuanza ukiwa na miaka 48 ni jambo jingine kabisa.

Umri wa kuanza ndio ufunguo wa habari ya moyo pia. Wastani wa umri wa wanawake wa utafiti ule ulikuwa miaka 63. Mishipa ya wengi wao ilikwisha kujaa mafuta, na estrojeni ya kidonge ikiingia katika mishipa iliyochoka yaweza kuchochea damu kuganda pale penye kidonda. Walipotazamwa peke yao wale wa miaka 50 hadi 59 waliotumia estrojeni tupu, mshtuko wa moyo haukuongezeka, bali ulielekea kupungua. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa Marekani, wenye wanawake 643, uliwapa estradioli walioanza ndani ya miaka 6 tangu hedhi ikome, na wengine walioanza baada ya miaka 10. Kuta za mishipa ya shingo zilinenepa polepole zaidi kwa walioanza mapema, na walioanza wamechelewa hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo mama wa miaka 66 ambaye hajawahi kutumia, akiniomba nimwanzishie ili alinde moyo, ninamkatalia. Estrojeni si dawa ya kuzuia ugonjwa wa moyo.

Kiharusi ndicho nisichokifanyia mzaha. Jaribio la estrojeni peke yake lilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi: wanawake 12 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Ni kweli kwamba walio chini ya miaka 60 hawakuonyesha ongezeko, lakini hilo si ruhusa ya kuiacha presha ikae 150 kwa 95. Dada, presha ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi, na haina kawaida ya kubisha hodi. Kichwa kuuma si kipimo chake. Wengi waliolala wazima wakaamka mdomo umepinda, hawakuumwa kichwa hata siku moja. Ukiniuliza nichague kati ya kukuachisha estrojeni na kukufanya umeze dawa ya presha kila siku bila kukosa, nitachagua ya pili bila kufikiri mara mbili, maana huko ndiko uhai wako uliko.

Na hapo ndipo ningependa kubadilisha, si dawa, bali njia ya kuingilia mwilini. Kidonge kikimezwa, kabla estrojeni haijasambaa, yote hupita kwanza kwenye ini. Ini likikutana na kiwango kikubwa hivyo kwa mkupuo huongeza kutengeneza protini za kugandisha damu. Estrojeni ya kupaka au ya kubandika hupenya ngozi na kuingia kwenye damu kidogo kidogo, ini halipati kishindo hicho. Watafiti wa Ufaransa waliolinganisha njia hizi mbili waliona waliomeza wakipata damu kuganda miguuni na mapafuni mara kadhaa zaidi, na waliotumia njia ya ngozi hawakuzidi wasiotumia kitu. Takwimu za Uingereza za mwaka 2019 zikaunga mkono. Kwa mtu wa miaka 55 mwenye presha, ngozi ndiyo njia ninayoipendelea.

Kibandiko na jeli hazipatikani kila duka la dawa. Muulize daktari au mfamasia wa hospitali kubwa ikiwa zinaweza kuagizwa. Kwa joto na unyevu wa Tanga, jasho hubandua kibandiko, hivyo kibandike chini ya kiuno, mahali pakavu pasipopakwa mafuta. Jeli huenda ikakufaa zaidi: paka pajani au mkononi, acha ikauke kabisa, na usimpakate mjukuu kabla ngozi haijakauka na kufunikwa, kwa sababu huhamia kwa mtoto. Usipopata hata kimoja, basi zungumza na daktari kuhusu kushuka kutoka miligramu 2 hadi 1. Kwa umri wako wengi hutosheka na 1. Nawaomba pia dada zangu wengine: vidonge vya uzazi wa mpango si mbadala wa dawa hii. Estrojeni iliyomo katika vile vya mchanganyiko ni kali zaidi kwa damu kuganda, na mwanamke wa miaka 55 mwenye presha hapaswi kuvigusa.

Ukipanda ndege kumtembelea mwanao, au hata basi la saa nyingi, simama na kutembea kila unapopata nafasi, na unywe maji. Mguu mmoja ukivimba na shavu lake likauma, au pumzi ikakata ghafla na kifua kikachoma, usisubiri kesho. Nenda hospitali, na useme mapema kwamba unatumia estrojeni.

Nyonga ya marehemu mama ndiyo sababu inayonifanya nisiharakishe kukuachisha. Mfupa haukai kimya, kila siku unabomolewa na kujengwa. Estrojeni huwazuia wabomoaji. Ikiondoka, kama ilivyokuondokea wewe siku moja mezani kwa daktari wa upasuaji, ubomoaji huenda kasi zaidi katika miaka ya mwanzo. Katika lile jaribio la estrojeni peke yake walipungua wanawake 6 wa kuvunjika nyonga kwa kila 10,000 kwa mwaka, na hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na mifupa dhaifu. Lakini ulinzi huu haubaki ukiacha. Ndani ya miaka michache mfupa hurudi kupungua. Kwa hiyo siku ya kuacha, mtajadili mifupa yako: kupimwa uzito wa mifupa kama kipimo kinapatikana, kutembea kwa miguu kila siku, dagaa wenye mifupa yao, maziwa, jua kidogo asubuhi, na pengine dawa maalumu ya mifupa.

Madhara mengine nitayapitia haraka. Kidonge huongeza mawe ya nyongo, na kwa baadhi huzidisha mkojo kuchuruzika wakicheka au kukohoa. Kansa ya ovari huongezeka kidogo kwa wanaotumia muda mrefu, karibu mwanamke 1 kwa kila 1,000 wanaotumia miaka 5 kuanzia miaka 50, lakini wewe ovari huna. Aliyewahi kuwa na kansa ya matiti, anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana, mwenye damu iliyoganda, kiharusi au mshtuko wa moyo wa karibuni, au ini linaloumwa, asianze bila daktari bingwa kumwona. Na wasomaji wangu wanaotumia dawa za kufubaza virusi, hasa zile za zamani zenye efavirenzi, au rifampisini ya kifua kikuu, wajue kwamba dawa hizo hupunguza estrojeni ndani ya damu. Joto likirudi ghafla baada ya kuanza mojawapo, sababu huenda ni hiyo.

Wanawake wote 27,347 wa majaribio yale mawili walipohesabiwa baada ya miaka 18, waliokuwa wamefariki walikuwa asilimia 27.1 kwa waliotumia homoni na asilimia 27.6 kwa waliopewa vidonge vitupu. Yaani homoni hazikuwafupishia maisha wala kuwarefushia. Na Novemba 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuondoa kwenye boksi za dawa hizi yale maonyo makubwa kuhusu moyo, kansa ya matiti na ugonjwa wa kusahau, ikabakisha lile la kansa ya kizazi kwa estrojeni tupu. Mtumie mwanao habari hiyo. Ila usiichukue kama ruhusa ya kuacha kupima.

Kuna jambo hukuuliza, nami nakujibu kwa sababu wengi huona haya. Ukavu ukeni, maumivu kwenye tendo la ndoa na mkojo wa kuchoma unaorudi kila mara huja kwa kukosa estrojeni, na haviponi vyenyewe kama joto linavyotulia kwa miaka. Hata siku utakapoacha dawa ya mwili mzima, ipo krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni kwa kiasi kidogo sana. Inayofika kwenye damu ni kidogo mno, na inaweza kutumika miaka mingi. Usikae na adha hiyo kwa ajili ya aibu.

Basi ningekuambia hivi kama ungekuwa mbele yangu. Wiki mbili zijazo pima presha asubuhi na jioni, umekaa, umepumzika, andika kwenye daftari. Dawa ya presha meza kila siku, kichwa kiume kisiume. Nenda kwa daktari wako na daftari, boksi la estrojeni, na karatasi ya upasuaji inayoonyesha nini kilitolewa. Omba ukaguliwe matiti, na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, katika hospitali ya rufaa. Kwetu kansa ya matiti ni chache kuliko Ulaya, lakini tunawapoteza wengi kwa sababu wanafika imechelewa. Upimwe sukari na mafuta kwenye damu pia. Kama uzito umeongezeka, upunguze taratibu, kwa kuwa baada ya hedhi kukoma mafuta ya mwili yenyewe hutengeneza estrojeni, na unene unaongeza kansa ya matiti kwa njia hiyo.

Presha ikishuka chini ya 140 kwa 90 na ikakaa huko, endelea, kwa njia ya ngozi au kwa kipimo kidogo, na kila mwaka mjadiliane upya. Hakuna tarehe moja inayowafaa wote. Ukikaribia miaka 60 jaribu kupunguza: miligramu 1, kisha nusu, kila hatua miezi miwili au mitatu, katika msimu wa baridi na si Februari. Joto likirudi kwa ukali, hujashindwa, mtaongea tena. Presha isiposhuka hata kwa dawa, kidonge cha kumeza kisimamishwe hadi itulie, na hapo niandikie tena pamoja na zile namba za daftari.